Ukiumia Michezoni, Usikimbilie Kuchuliwa

Na Mwandishi Wetu

Michezo ni afya. Maneno hayo tumeyasikia tangu tulipokuwa shule ya msingi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuyapinga. Mwili usiotoka jasho huzoea uvivu, na uvivu ni jirani wa maradhi. Ndiyo maana inafurahisha kuona jinsi wananchi wa mijini walivyoamka. Alfajiri ya Jumamosi vikundi vya mbio za pole hupita barabarani kwa nyimbo na makofi. Jioni vijana hujaza viwanja vya vumbi. Na wafanyakazi wa wizara, mashirika na viwanda huvaa jezi kuwania vikombe vya SHIMIWI, SHIMMUTA na Mei Mosi, katika kandanda, netiboli na kuvuta kamba.

Lakini ipo habari nyingine ambayo kurasa za michezo haziiandiki. Ni habari ya Jumatatu asubuhi. Yupo fundi cherehani ambaye hawezi kukanyaga pedeli ya charahani yake. Yupo dereva ambaye mguu wa klachi umevimba kama mtungi. Yupo mama lishe ambaye hawezi kusimama mbele ya jiko kwa saa nzima, na yupo mwanafunzi anayejikunyata kitandani akilalamika kwamba mwanga unamchoma macho. Kwa mwenye ajira rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa kibarua na kwa aliyejiajiri, siku asiyofanya kazi ndiyo siku ambayo chungu hakipandi mekoni. Basi kuumia kwa mchezaji mmoja si jambo lake peke yake. Ni jambo la nyumba nzima.

La kusikitisha zaidi ni kwamba aghalabu madhara makubwa hayaletwi na ule mguu ulioteguka, bali na yale tunayoyafanya baada ya kuteguka. Mguu huchuliwa ukiwa bado unavuja damu ndani. Bega lililochomoka huvutwa na watu watatu. Mchezaji aliyezirai humwagiwa maji, akafumbua macho, akarudishwa uwanjani kwa vifijo. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji mambo ya msingi ambayo kila nyumba yenye mchezaji inapaswa kuyajua.

KILICHOUMIA NI NINI?

Mifupa yetu imeunganishwa katika viungo, yaani goti, kifundo, bega na kadhalika. Kinachofunga mfupa kwa mfupa ni nyuzi ngumu ambazo wataalamu huziita ligamenti. Kinachounganisha msuli na mfupa ni kano. Katikati ya mifupa ipo gegedu, laini na yenye utelezi, ili mifupa isisagane. Kiungo kinapopinda kupita kiasi, ligamenti huvutika au kukatika: huko ndiko kuteguka. Msuli unapovutwa kuliko uwezo wake, nyuzi zake huchanika. Mfupa nao huweza kupata ufa au kuvunjika, au kuchomoka mahali pake.

Majeraha haya yapo ya namna mbili. Yapo yanayotokea ghafla, kwa kuanguka, kugongwa au kujipinda. Yapo pia yanayokuja polepole, siku hadi siku, kwa sababu mwili umetwikwa kazi usiyoizoea. Mtu aliyekaa ofisini miaka kumi, akaamua juma hili kukimbia kilometa 10 kila siku, ataanza kuona maumivu ya ugoko au ya kisigino. Akipuuza, mfupa wenyewe unaweza kupata ufa mwembamba bila ya kuanguka popote. Kosa la mtu huyo si kukimbia. Kosa lake ni haraka.

KIFUNDO CHA MGUU

Katika michezo ya kukimbia na kuruka, kifundo cha mguu ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mara nyingi zaidi. Kwa kawaida unyayo hupinda kwa ndani, na uzito wote wa mwili ukaangukia upande wa nje. Ligamenti za upande huo huvutika au kuchanika, mishipa midogo ya damu hupasuka, na katika muda mfupi kifundo huvimba.

Hapa ndipo mila zetu zinapotudanganya. Mtu huja na maji ya moto, mwingine na mafuta ya kuchulia, na wa tatu anamtafuta mzee hodari wa kunyoosha. Nia yao ni njema, lakini tufikirie: ndani ya mguu kuna mishipa iliyopasuka na nyuzi zilizochanika. Joto huongeza mtiririko wa damu. Kuchua kwa nguvu huchana tena kile kilichoanza kushikana. Uvimbe huongezeka, na maumivu vile vile. Tena msuli wa paja uliopigwa vibaya, ukichuliwa kwa nguvu mapema, unaweza kuota mfupa ndani yake, na hapo ugonjwa wa majuma mawili ukageuka kuwa wa miezi.

Kwa hiyo, katika siku mbili au tatu za mwanzo, mambo manne yaepukwe: joto, pombe, kukimbia na kuchua.

SASA TUFANYE NINI?

Jambo la kwanza ni kuacha mchezo. Mguu upumzishwe na ulindwe usiumie zaidi, kwa siku moja hadi tatu. Pili, uinuliwe juu ya mto au kiti mgonjwa anapolala, uwe juu kuliko moyo, ili uvimbe upungue. Tatu, ufungwe kwa bandeji ya kuvutika, kuanzia kwenye vidole kupanda juu. Bandeji ikaze lakini isinyonge: vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, ifunguliwe mara moja na kufungwa upya kwa ulegevu.

Barafu je? Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika katika kitabu chake maagizo ambayo yalikuja kuenea duniani kote: pumziko, barafu, kubana na kuinua. Makocha wakayakariri kama sala. Mwaka 2014 daktari huyo huyo alieleza kwamba barafu pamoja na pumziko la muda mrefu huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa ule uvimbe tunaoulaani ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza. Mwaka 2019 wataalamu wawili, Blaise Dubois na Jean-François Esculier, walitoa mwongozo mpya ambao hauitaji barafu kabisa miongoni mwa mambo ya lazima. Badala yake unasisitiza kurudi katika mwendo mapema.

Maana yake si kwamba barafu ni sumu. Barafu hutuliza maumivu, na hilo si jambo dogo usiku wa kwanza. Anayeitumia aifunge katika kitambaa, asiiweke juu ya ngozi tupu, na asizidishe dakika 15 hadi 20 kwa mara moja. Lakini asidhani kwamba barafu ndiyo inayoponya.

Kinachoponya ni mwendo wa busara. Zikipita siku mbili tatu, na ikiwa mfupa haukuvunjika, mgonjwa aanze kuuchezesha mguu: aupandishe na kuushusha, auzungushe polepole, kisha akanyage kidogo kidogo. Maumivu ndiyo yawe mwamuzi. Maumivu madogo yanayotulia upesi si adui. Makali, au yanayoongezeka siku ya pili, yanasema rudi nyuma hatua moja. Baadaye mgonjwa asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, akishika ukuta, halafu bila kushika. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalokifunza kifundo kujizuia kisipinde tena. Anayeliacha huenda akateguka mahali pale pale mara nyingi, hata watu wakasema ana mguu mbovu wa kuzaliwa.

Kuhusu dawa, parasetamoli inatosha kupunguza maumivu kwa watu wengi. Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, na visizidi vinane kwa saa 24. Dawa kali zaidi za kuondoa uvimbe, kama diklofenaki na ibuprofeni, zisimezwe kama karanga. Zinaweza kudhuru tumbo, na figo pia, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji mwilini. Wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo na waja wazito wasiziguse bila ya ushauri wa daktari.

HOSPITALI AU NYUMBANI?

Swali hili huzisumbua familia nyingi, maana safari ya hospitali ni nauli, foleni na gharama ya picha. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni ambayo mpaka leo hutumiwa na matabibu katika nchi nyingi kuamua nani apigwe picha ya eksirei. Mzazi au nahodha wa timu naye anaweza kuielewa.

Mbonyeze mgonjwa kwa kidole, taratibu, kwenye ile mifupa miwili inayochomoza ndani na nje ya kifundo, hasa upande wa nyuma na nchani. Kisha ubonyeze ukingo wa nje wa unyayo, katikati, penye kifupa kinachojitokeza. Na mwisho upande wa ndani, juu ya uvungu wa unyayo. Ikiwa maumivu makali yapo juu ya mfupa wenyewe katika mojawapo ya sehemu hizo, aende akapigwe picha. Halikadhalika ikiwa hakuweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, mara baada ya kuumia na tena sasa.

Zipo dalili nyingine zisizongoja kesho: mguu au mkono uliopinda isivyo kawaida, mfupa uliotoboa ngozi, vidole vilivyofa ganzi, vilivyo baridi au vilivyobadilika rangi, na maumivu yanayozidi kila saa hata baada ya kupumzika. Kiungo kilichochomoka kisivutwe na yeyote pale uwanjani. Pembeni mwake hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na mvuto mmoja wa pupa unaweza kuikata. Kifungwe kilivyo, kwa mabanzi au kwa kanga, na mgonjwa apelekwe.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya waganga wa mifupa wa mitaani. Wapo wenye ujuzi na wapo waliowasaidia watu wengi. Lakini gango lililokazwa mno juu ya mguu unaoendelea kuvimba huzuia damu, na nyama isiyopata damu huoza. Kijana aliyekwenda na mfupa uliovunjika akarudi bila mguu si hadithi ya kutunga. Madaktari wa mifupa wanaifahamu. Picha ipigwe kwanza.

GOTI

Goti ni bawaba kubwa kuliko zote mwilini, na ndilo linaloogopwa zaidi na wachezaji. Ndani yake mna ligamenti mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele hukatika aghalabu bila ya kuguswa na mtu: mchezaji anakimbia, anageuka ghafla au anatua kutoka hewani, unyayo umebaki chini na goti linapinda kwa ndani. Wengi husikia mlio kama wa kitu kilichokatika, na goti huvimba katika saa chache kwa sababu limejaa damu. Baadaye uvimbe hupungua, mtu huanza kutembea, akajiona amepona. Siku anaporudi uwanjani na kujaribu kugeuka, goti humwacha mkono.

Wasichana na wanawake wanaocheza kandanda na netiboli huumia ligamenti hii zaidi kuliko wanaume wa michezo ya aina hiyo, na netiboli yenyewe, kwa kumlazimisha mchezaji kusimama ghafla akiwa na mpira, hulitwisha goti mzigo mkubwa. Kwa hiyo makocha wa timu za wanawake wana wajibu wa pekee wa kuwafunza kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na kuelekea mbele, si kuegemeana.

Mle gotini zimo pia gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo. Zikichanika, goti hukwama. Halikunjuki wala halikunjiki. Goti lililokwama, lililovimba upesi, au linaloteleza kila mara lionwe na daktari wa mifupa. Kwa bahati njema utaalamu huo tunao nchini: katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, upasuaji wa goti hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Hata hivyo kisu si mwisho wa kazi. Aliyeungwa ligamenti huhitaji mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo, na asirudi katika mechi kabla ya miezi tisa. Anayerudi mapema huihatarisha upya ligamenti ile ile.

PAJA NA KISIGINO

Winga anayekimbia kwa kasi, mara anashika nyuma ya paja kana kwamba amepigwa risasi. Huo ni msuli wa nyuma ya paja uliochanika. Ukiwa umechanika kidogo huchukua majuma mawili matatu. Ukichanika sana huchukua miezi. Kosa la kawaida ni kurudi mara tu maumivu ya kutembea yanapokwisha, kwa kusahau kwamba kutembea si kukimbia.

Jeraha la kisigino linawahusu hasa wafanyakazi. Kano kubwa inayoshuka kutoka kigimbi hadi kisigino hupenda kukatika kwa wanaume wa umri wa miaka 30 hadi 50, wale wanaokaa juma zima na kukumbuka ujana wao siku ya Jumapili. Mhusika hugeuka nyuma kutazama nani aliyempiga teke, kumbe hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, na ukibinye kigimbi. Unyayo usipojongea, kano imekatika. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana kano iliyocheleweshwa ni ngumu kuunga.

KICHWA SI MPIRA

Majeraha yote tuliyoyataja yanaweza kumpa mtu kilema. La kichwa linaweza kumwua. Ubongo unapotikiswa, si lazima mtu azirai. Anaweza kusimama na kusema kwamba yu mzima, huku hajui wanacheza na timu gani. Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona mawili mawili, kuchukia mwanga, kusahau, na kuwa mzito wa kujibu.

Kanuni ni moja, nayo haina mjadala: anayeshukiwa kutikisika ubongo atoke, na asirudi siku hiyo. Ndiyo maana tangu mwaka 2024 sheria za kandanda zinayaruhusu mashindano kutumia nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyeumia kichwa, bila kuipunguzia timu idadi yake ya kawaida. Akitapika tena na tena, akipatwa na degedege, akizidi kusinzia, akidhoofika mkono au mguu, au maumivu ya kichwa yakizidi, huo ni mwito wa kukimbilia hospitali usiku huo huo. Na mwenye maumivu ya shingo baada ya kuanguka asiinuliwe na kuketishwa. Alazwe alivyo, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka wapatikane wenye ujuzi.

Nyumbani, mgonjwa apumzike siku moja au mbili, asilewe, asiendeshe gari. Kisha aanze kutembea, baadaye kukimbia polepole, na kupanda ngazi moja kwa siku maadam dalili hazirudi. Mwanafunzi arejee masomoni kwanza, ndipo arejee mpirani, na kabla ya kugongana na wenzake apate ruhusa ya daktari.

WATOTO SI WATU WAZIMA WADOGO

Mifupa ya mtoto bado inakua, na mahali inapokulia, karibu na viungo, ni laini kuliko hata ligamenti. Pigo ambalo kwa baba lingeleta mteguko, kwa mwana linaweza kuvunja mahali pa kukulia, na mguu ukaja kuwa mfupi au kupinda. Kwa hiyo kiungo cha mtoto kilichovimba na kuuma juu ya mfupa kisichukuliwe kuwa mteguko tu mpaka kionwe na daktari. Vile vile mtoto wa miaka 11 hadi 14 anayelalamika maumivu chini ya goti, penye kifundu cha mfupa, si mvivu. Mfupa wake unavutwa na kano huku ukikua. Apunguziwe mazoezi, aghalabu hupona akimaliza kukua.

USHUJAA NA UPUMBAVU

Watanzania tunaye shujaa wa kudumu, John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, mahali palipo juu mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, alianguka akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Habari hiyo yatujaza fahari, na ni haki yetu. Lakini ni hatari ikigeuzwa fimbo ya kumchapia kila mtoto anayechechemea. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, katika siku ambayo kwa wanariadha wengi huja mara moja maishani. Tena baada ya siku hiyo hakujiangamiza: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni akawa wa tano. Mwalimu wa michezo anayemwambia msichana wa UMISSETA akaze moyo juu ya goti lililovimba, au kiongozi wa timu ya kiwanda anayetaka mlinzi wake achomwe sindano ya ganzi ili kikombe kisipotee, hafuati nyayo za Akhwari. Maumivu ni kengele. Anayeikata kengele hajazima moto.

KUREJEA NA KUJIKINGA

Mchezaji arudi lini? Asihesabu siku tu. Ajipime: je, kiungo kinakunjuka na kukunjika sawa na cha upande wa pili? Je, anaweza kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu wala woga? Je, ameshakimbia kwa kasi, akageuka na kusimama ghafla katika mazoezi, na asubuhi yake hakuona uvimbe? Jibu likiwa ndiyo katika yote, na arudi, kwanza mazoezini pamoja na wenzake, kisha kipindi kimoja, ndipo mechi nzima.

Kinga nayo ni nafuu kuliko tiba, na kwa hili tuna ushahidi. Programu ya mazoezi ya FIFA iitwayo 11+, iliyobuniwa mwaka 2006, huchukua dakika 20 tu na haihitaji kifaa ila mpira. Ina kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, na kutia nguvu tumbo na mapaja. Ilipojaribiwa nchini Norway kwa wasichana wa klabu 125, na matokeo kuchapishwa mwaka 2008, majeraha yalipungua kwa kiasi cha theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Ndani yake limo zoezi la kupiga magoti huku mwenzako akikushika vifundo, nawe ukaegemea mbele polepole mpaka ushindwe kujizuia. Zoezi hilo likifanywa mara kwa mara hupunguza kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja kwa kiasi cha nusu. Dakika 20, mara mbili kwa juma: hakuna timu ya mtaa isiyozimudu.

Zaidi ya hayo, wachezaji wavae kinga za ugoko. Uwanja uokotwe mawe na chupa kabla ya filimbi. Na mazoezi yaongezwe kidogo kidogo. Kila timu iwe na mkoba wenye bandeji za kuvutika, gauzi, mkasi, sabuni, mabanzi na maji safi. Michubuko ioshwe kwa maji mengi na sabuni, isipakwe majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Na mwenye kidonda kirefu au chenye uchafu aende kliniki kuulizia chanjo ya pepopunda. Mkoba huo hauzidi sana bei ya mpira mmoja, na klabu inayoweza kuchangisha jezi mpya haiwezi kusema imeshindwa kuununua.

Ndugu msomaji, lipo tangazo moja linaloweza kubandikwa leo penye ubao wa klabu, ofisi au shule: aliyeumia asichuliwe, asivutwe, asirudishwe uwanjani kabla ya kutazamwa. Katika mkutano ujao wa timu yako, kabla ya kujadili nani awe nahodha, chagueni pia mtu mmoja wa kushika mkoba na kuwa na neno la mwisho juu ya majeruhi, neno ambalo kocha, mfadhili na mashabiki hawataruhusiwa kulitangua.